Zahanati ya chuo: jinsi ya kuinua huduma, kuanzia dirishani hadi bwenini

Ukitaka kujua hali ya zahanati ya chuo, usianze na jengo. Nenda duka la dawa lililo karibu na geti, ukae hapo nusu saa jioni. Wanafunzi wanaoingia kununua P2 (vidonge vya dharura vya kuzuia mimba), azuma (antibiotiki ya azithromaisini) na "dawa ya UTI", yaani ya maambukizi ya njia ya mkojo, wana namba ya bima kwenye simu, na zahanati waliyoipita njiani ina daktari ambaye hawamlipi kitu mkononi. Wameipita kwa sababu zao, na ukiwauliza kwa utulivu watakutajia tatu: foleni inayokula kipindi, hofu ya kujulikana, na ile hali ya kila homa kupewa jibu lilelile.

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, muuguzi kiongozi, mshauri wa wanafunzi na waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi, katika chuo cha Tanzania chenye zahanati au kituo cha afya chake. Sehemu kubwa ya yaliyomo haihitaji bajeti mpya. Inahitaji daftari, saa ya ukutani na mtu mwenye mamlaka ya kusema "kuanzia Jumatatu tunafanya hivi".

Hatua ya kwanza: unda timu ndogo, na mwanafunzi awemo

Wizara ya Afya inataka kila kituo kiwe na timu ya uboreshaji wa huduma. Nyingi zipo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani na hazipo kwingine. Yako iwe na watu wasiozidi saba: tabibu, muuguzi, mtu wa maabara, mtoa dawa, mtu wa mapokezi, na wanafunzi wawili, angalau mmoja wao wa kike. Usimwache mtu wa mapokezi. Yeye ndiye anayejua ni saa ngapi watu huondoka bila kuonwa, na nani hurudi mara nne kwa tatizo moja.

Wanafunzi hao wasitoke wote kitivo cha afya. Mwanafunzi wa udaktari huizoea zahanati haraka mno na kuacha kuyaona yanayomshangaza wa uhasibu. Pia hawaoni faili la mtu yeyote. Kazi yao ni kuleta sauti ya mabwenini na kurudisha majibu huko.

Kutaneni nusu saa kila baada ya wiki mbili, mkiwa na tatizo moja tu mezani. Mwisho wa kikao uandikwe ukurasa mmoja: tutajaribu nini, nani atafanya, tutapima kwa kitu gani, lini tutaangalia. Kikao chenye ajenda kumi na mbili huishia kwenye soda.

Mnapojipanga, chukueni pia dodoso la tathmini ya nyota, lile ambalo serikali ilianza kulitumia 2015/16 kuvipanga vituo vya msingi kuanzia sifuri hadi nyota tano. Jijazieni wenyewe, bila kujipendelea, kabla hamjafikiwa na wageni wa halmashauri.

Hatua ya pili: pima siku yako kabla hujagusa kitu

Chapa kikaratasi cha robo ya A4 chenye nafasi sita: kufika, kupata faili, kupimwa joto na presha, kuingia kwa daktari, kutoka maabara, kutoka na dawa. Kila anayefika apewe, na kila anapopita mhudumu aandike saa na dakika. Fanya hivyo siku tatu tofauti, Jumatatu iwe mojawapo. Halafu panga muda wote kuanzia mfupi hadi mrefu na uchukue ule wa katikati kabisa. Wastani hudanganya: mgonjwa mmoja aliyewekwa dripu mchana kutwa anaweza kuiharibu hesabu ya siku nzima.

Katika zahanati nyingi utakuta kwamba muda wa kukaa na daktari ni mfupi sana, na kwamba upotevu mkubwa upo kwenye foleni ya pili, ile ya kurudi kwa daktari na majibu ya maabara. Mwanafunzi aliyefika saa mbili asubuhi akaonwa saa tatu, atakaa tena hadi saa sita kusubiri mtu asome karatasi. Foleni hiyo huvunjwa hivi:

Muuguzi wa vipimo vya awali afanye kipimo cha haraka cha malaria kwa kila mwenye homa kabla hajaingia kwa daktari. Akiingia, jibu analo mkononi.

Daktari aite wapya watatu, kisha mmoja mwenye majibu, na kuendelea hivyo. Kanuni hiyo ibandikwe mlangoni ili watu wasigombane.

Wanaofuata dawa za mwendelezo, kama za pumu, presha, kifafa au uzazi wa mpango, wasipange foleni ya wagonjwa. Wape siku na saa, dawa ziwe zimeandaliwa.

Tazama pia ratiba ya vipindi. Kama vinaisha saa kumi na moja jioni na zahanati inafunga saa tisa na nusu, umemlazimisha mtu achague kati ya jaribio la darasani na tumbo lake. Siku mbili kwa wiki hadi saa mbili usiku, kwa kubadilisha zamu na si kwa kulipana muda wa ziada, huondoa msongamano mkubwa wa asubuhi. Na vikao vya menejimenti vya saa mbili asubuhi vihamishwe. Sijawahi kuona sababu ya maana ya kumfungia daktari kikaoni saa ambayo benchi limejaa.

Anayehema kwa shida, anayetoka damu, aliyezimia au mwenye degedege hapangi foleni kabisa. Hilo mlinzi wa getini analijua? Muulize.

Hatua ya tatu: faragha

Hapa ndipo zahanati ya chuo inapotofautiana na zahanati ya mtaa. Mtaani unaweza kwenda kata ya pili. Chuoni, aliye mbele yako kwenye benchi mnasoma naye, anayekufungulia faili anasali na mlezi wa bweni lako, na muuguzi ni mke wa mhadhiri. Mwanafunzi mwenye uchafu usio wa kawaida ukeni au kidonda uumeni huyapima hayo yote akiwa nje ya mlango, kisha anaendelea na safari hadi duka la dawa.

Anza na jaribio rahisi. Mtu mmoja akae kwenye benchi la nje, wawili waingie chumba cha daktari na kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Kama aliye nje anasikia, hamna faragha, hata mlango uwe na kufuli. Redio ndogo kwenye eneo la kusubiri, mpira chini ya mlango na kusogeza benchi mita tatu hutatua zaidi ya unavyodhani.

Kisha dirishani. Mapokezi hawaulizi "unaumwa nini?" Wanauliza jina, namba ya usajili na kama kuna dharura, basi. Maabara haiiti "wa kipimo cha mimba!" Inaita namba. Mtoa dawa hainyanyui pakiti juu huku akieleza matumizi. Chumba chenye kibao "VVU na Uzazi wa Mpango" kibadilishwe kuwa Chumba Na. 4, na humo humo wafungwe vidonda na kuchomwa sindano za kawaida, ili kuingia humo kusiwe tangazo. Kondomu ziwekwe vyooni na kwenye korido za mabweni, zijazwe na mtu anayejulikana kwa zamu. Kuziomba dirishani ni wachache wanaoweza.

Lipo jambo ambalo vyuo vyenye kozi za afya hulisahau. Wanafunzi wa uuguzi na utabibu huletwa kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye zahanati ileile wanayotibiwa wenzao wa darasa moja. Msiwaweke mapokezi wala chumba cha mafaili. Wakiwa chumba cha daktari, mgonjwa aulizwe kabla hawajaingia, si baada, na jibu la "hapana" lipokelewe bila sura kubadilika.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa lugha ya zahanati: mlezi wa bweni, mkuu wa idara, hata mzazi anayepiga simu kutoka Sumbawanga hapewi habari ya mwanafunzi bila ridhaa yake. Na kwa vyuo vya kati vyenye wanafunzi wa miaka 16 na 17, kumbukeni kwamba tangu marekebisho ya sheria ya UKIMWI ya 2019, mwenye miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi.

Halafu kuna ED, ruhusa ya ugonjwa. Karatasi ya kumruhusu mwanafunzi akose kipindi au mtihani inakwenda kwa mhadhiri, inapita kwa CR (mwakilishi wa darasa), inakaa kwenye meza ya idara. Isiandikwe ugonjwa. Yatosha kuandika kwamba ameonwa tarehe fulani, anahitaji mapumziko hadi tarehe fulani, pamoja na saini na muhuri. Menejimenti ikitaka uhakiki, impigie mganga mfawidhi athibitishe karatasi ni ya kwake na aishie hapo. Kuhusu wanaokuja kuomba ED wakiwa wazima siku moja kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula): watakuwepo kila muhula. Wekeni utaratibu mmoja ulioandikwa, ili asiyejuana na mtu asione kwamba ED hutoka kwa kujuana.

Hatua ya nne: vunja utawala wa "UTI na taifodi"

Chukua kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 5, cha wagonjwa wa nje, na uhesabu utambuzi wa mwezi mmoja. Kama UTI na taifodi vimejaza zaidi ya theluthi ya mistari, una tatizo la utambuzi. Chuo hakiwezi kuwa na taifodi ya namna hiyo halafu asitoboke mtu utumbo.

Kipimo cha Widal, kile cha damu cha taifodi, ndicho mzizi. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hizo zinaweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani au kuchokozwa na vimelea vingine. Widal moja yenye "1:80" haithibitishi kitu. Ili iwe na maana, sampuli mbili zinahitajika, zikiachana kwa siku kumi hadi kumi na nne, na kiwango kipande mara nne. Kwa vitendo hakuna anayefanya hivyo. Njia sahihi ni kuotesha damu kabla ya dawa, huduma ambayo zahanati itaipata kwa kupeleka sampuli hospitali ya rufaa. Uamuzi mwepesi na wa busara: acheni kupima Widal. Fedha za vitendanishi vyake zipelekwe kwenye vijiti vya mkojo na vipimo vya haraka vya malaria.

Kwenye mkojo, makosa huanza kwenye chupa. Mwanafunzi anapewa kichupa na kuelekezwa chooni bila maelezo, anakinga mkojo wa mwanzo, seli za usaha kutoka ukeni zinaingia, maabara inaandika "pus cells", daktari anaandika UTI, dirisha linatoa sipro (antibiotiki ya siprofloksasini). Baada ya wiki mbili amerudi, na sasa ana "UTI sugu". Fanyeni hivi:

Bandikeni chooni maelezo mafupi yenye michoro: nawa, jisafishe, mkojo wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati.

Daktari aulize dalili kabla ya kuomba kipimo. Kuchoma wakati wa kukojoa na kukojoa mara kwa mara, bila uchafu ukeni, huelekeza kwenye UTI. Uchafu, harufu, kuwashwa au maumivu wakati wa tendo huelekeza kwingine.

Asiye na dalili, ambaye mkojo wake umeonyesha bakteria, kwa kawaida hatibiwi, isipokuwa mjamzito.

Anayerudi mara ya pili na "UTI" aulizwe historia ya kujamiiana, kwa faragha na bila kuhukumiwa, achunguzwe klamidia, kisonono na fangasi, na mwenzi wake atibiwe pia ikibidi. Kwa mwanaume kijana, kuchoma wakati wa kukojoa kuchukuliwe kama ugonjwa wa ngono hadi ithibitike vinginevyo.

Malaria nayo ina mtego wake. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo aliyemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita, akirudi na homa na kipimo kikasoma ndiyo, apimwe kwa hadubini kabla ya kumrudia na ALu, dawa mseto hiyo. Na kipimo kikisema hapana, dawa ya malaria isitoke. Wahudumu wengi wanalijua hilo. Kinachowashinda ni mwanafunzi anayesema "najijua, hii ni malaria". Mpeni muda wa kueleweshwa, na mwambieni arudi baada ya siku mbili homa isipotulia. Kauli hiyo ya kurudi inaweza kumfanya mtu akubali kuondoka bila dawa asiyoihitaji.

Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki makundi matatu: za kuanzia, za tahadhari na za akiba. Azithromaisini, siprofloksasini na seftriaksoni ziko kwenye za tahadhari. Amoksilini, doksisaiklini na nitrofurantoini ni za kuanzia. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu zitoke kundi la kuanzia. Zahanati yako inaweza kujipima kwa lengo hilo jioni moja: chukua vyeti 50 vya mwezi uliopita bila kuchagua, hesabu vyenye antibiotiki, kisha vile vya kundi la tahadhari. Rudia kila mwezi. Usilete majina ya madaktari kikaoni mara ya kwanza. Lete namba tu, waijadili. Mara nyingi daktari hubadilika akijiona kwenye namba, kabla hajaitwa.

Hatua ya tano: panga vyumba

Tanzania ilianza na mfumo wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni mzuri na nafuu. Tatizo ni kwamba vituo vingi vimeishia kuchora mistari ya njano sakafuni na kubandika lebo "MKASI" juu ya droo yenye bomba za sindano. Kwa zahanati ya chuo, anza na vyumba viwili tu, chumba cha dharura na stoo ya dawa. Stoo ipangwe zinazoisha muda mapema mbele. Leja ilingane na kilichopo rafuni. Hesabu dawa kumi muhimu kila Ijumaa. Sefti boksi, kisanduku cha sindano zilizotumika, ifungwe ikijaa robo tatu. Sabuni na maji viwepo kila chumba, au vitakasa mikono pale bomba linapokauka.

Hatua ya sita: fuata kalenda ya chuo

Zahanati ya mtaa hufuata misimu ya mvua. Yako hufuata almanaki ya chuo pamoja na mvua hizo.

Mwaka wa kwanza wanaporipoti, usipoteze nafasi ya fomu ya uchunguzi wa afya. Kwa kawaida fomu hiyo hugongwa mihuri na kufungiwa kabatini. Isomeni. Toeni orodha ya wenye selimundu, pumu, kifafa, kisukari, mzio wa dawa na wanaotumia ARV, iwe chini ya ufunguo wa muuguzi mmoja, na kila mmoja aitwe kimya kimya ndani ya wiki tatu za kwanza. Mwenye selimundu ajue aje zahanati saa yoyote maumivu yanapoanza na kwamba hatapanga foleni. Aliyetoka Bukoba akiwa na dawa za CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) za miezi mitatu asaidiwe kupata uhamisho kabla hazijaisha. Kijana akishaona aibu kuuliza CTC iko wapi mji mgeni, dawa hukatika. Wanafunzi wa kozi za afya waanze chanjo ya homa ya ini aina B kabla ya kugusa sindano: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita.

Wiki hizo hizo za mwanzo ndizo za vurugu za bima. Kwa miaka mingi mwanafunzi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kupitia chuo, na kuna waliokaa wiki kadhaa wamelipa lakini hawajaingizwa kwenye mfumo. Mkubaliane na ofisi ya uhasibu: orodha ya waliolipa ije zahanati kila Ijumaa, na aliyemo atibiwe. Kwa upande wenu, hakikini fomu za madai kila jioni. Fomu isiyo na saini ya mgonjwa au yenye utambuzi usiolingana na dawa hukatwa, na makato hayo ndiyo dawa mnayoikosa mwezi unaofuata.

Boom (fedha za kujikimu za mkopo) likichelewa, mtaliona kwenye daftari: vidonda vya tumbo, kizunguzungu, wanaozimia kwenye foleni ya benki au ukumbi wa mtihani. Mhudumu aulize "umekula lini mara ya mwisho?" kabla hajaandika omeprazoli. Afisa ustawi wa jamii wa chuo awe na njia ya haraka ya kumpatia mtu mlo wa kantini bila kikao cha kamati.

Wiki mbili kabla ya UE, ongezeni muda wa jioni, na mwahadharishe wanafunzi waziwazi kuhusu vinywaji vya kuongeza nguvu na vidonge vya kukesha. Mwenye kifafa asiyelala siku tatu anaweza kuanguka, hata kama anameza dawa zake vizuri.

Hatua ya saba: sonona, hofu na kujiua

Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lipo kwa Kiswahili na linajazwa kwa dakika chache. Maswali tisa, alama 0 hadi 27; kumi na kuendelea mtu aonwe na mshauri nasaha au daktari siku hiyo hiyo. Unaweza kuanza na maswali mawili ya mwanzo kwa kila anayekuja na kichwa kisichopona, kukosa usingizi au "vidonda vya tumbo" visivyosikia dawa. Alama tatu au zaidi, mpe yote tisa.

Lakini usimuulize mtu swali la tisa, linalohusu mawazo ya kujidhuru, kama hujapanga utakachofanya akisema ndiyo. Andikeni mapema: nani anabaki naye, kwa sababu haachwi peke yake; chumba gani; vidonge, sumu ya panya au kamba vinaondolewaje chumbani kwake; nani anasindikiza rufaa; hospitali gani yenye kitengo cha afya ya akili inapokea, na namba ya simu ya zamu ni ipi. Kumuuliza mtu wazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Ukimya ndio hatari zaidi, hasa kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inakuhesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi huwafungia wengine mdomo. Anayeletwa zahanati akiwa amekunywa kitu ni mgonjwa. Ahudumiwe kama mgonjwa.

Walezi wa mabweni, viongozi wa dini wa chuo na maCR wapewe mafunzo ya nusu siku ya kutambua dalili na kusindikiza. Wasigeuzwe washauri nasaha. Na mshauri nasaha asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu. Mwanafunzi hawezi kumwambia Jumanne kuhusu bangi mtu atakayemhukumu Alhamisi.

Hatua ya nane: saa 72

Aliyebakwa au kulazimishwa ngono hukabiliwa na saa inayohesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na huendelea siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hufanya kazi vizuri zaidi kadiri vinavyomezwa mapema. Kwa hiyo dozi za kuanzia ziwe zahanati usiku na mchana, na kila wa zamu ajue zilipo.

Matibabu hayasubiri PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Anahudumiwa kwanza, anaelezwa kwamba asioge wala kufua nguo kama anataka ushahidi uchukuliwe, kisha anaunganishwa na Dawati la Jinsia la polisi au kituo cha Mkono kwa Mkono, chenye huduma zote mahali pamoja, pale kilipo. Kuripoti ni uamuzi wake. Kama mtuhumiwa ni mfanyakazi wa chuo, taarifa isipite kwa mkuu wa idara anayefanya naye kazi. Njia mbadala iandikwe leo, kabla haijahitajika.

Hatua ya tisa: jaribuni usiku

Siku moja isiyotangazwa, saa nane usiku, mwanafunzi wa timu apige simu ya zahanati kutoka bweni la mbali. Andikeni: simu ilipokelewa baada ya muda gani, ufunguo wa gari ulikuwa kwa nani, gari lilikuwa na mafuta, dereva alilijua bweni? Siku inayofuata rekebisheni kilichokwama, na mrudie mwezi ujao.

Trei ya dharura ikaguliwe kila zamu kwa kutia saini. Awepo anayejua kwamba mzio mkali wa sindano unataka adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, papo hapo. Anayebanwa na pumu, kama hakuna kifaa cha kuvutia dawa, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kutoshea mdomo wa pampu ya salbutamo hufanya kazi nzuri.

Hatua ya kumi: toka nje ya zahanati

Kwenye safu ya makazi ya kitabu cha MTUHA, acheni kuandika "chuoni". Andikeni bweni na ghorofa. Mwisho wa wiki, hesabuni kuhara, upele na kikohozi kwa kila bweni. Wagonjwa watano wa kuhara kutoka ghorofa moja wanamaanisha tangi au choo, na hapo kazi ni ya fundi bomba. Upele unaojirudia chumba kilekile humaanisha kuna kubebana, watu wawili kitanda kimoja, na kutibu mmoja ni kupoteza dawa. Watibiwe wote wa chumba hicho siku moja, na msiwageuze washitakiwa kwa mlezi wa bweni, la sivyo hawatakuja tena. Kikohozi cha wiki mbili kipelekwe kipimo cha kifua kikuu, na madirisha ya chumba hicho yafunguliwe.

Sanduku la maoni lifunguliwe kila Ijumaa mbele ya mwanafunzi wa timu. Ubao wa matangazo uwe na safu mbili, mlisema na tumefanya. Lisilowezekana nalo liandikwe, pamoja na sababu. Wanafunzi huvumilia "hatuna fedha za ultrasound hadi Julai" kuliko kimya.

Kila mwezi timu iangalie namba tano na si zaidi: muda wa katikati wa kuzunguka zahanati, asilimia ya waliopimwa wakakutwa hawana malaria lakini wakapewa dawa yake, asilimia ya antibiotiki za kundi la tahadhari, siku ambazo dawa yoyote kati ya zile kumi ilikosekana, na wangapi kati ya wanafunzi ishirini waliohojiwa getini na mtu asiyevaa sare walisema wangerudi wakiwa na tatizo la siri. Namba ya tano hubadilika polepole kuliko zote. Ikikwama kwa miezi mitatu huku nyingine zikiboreka, rudini hatua ya tatu na mkae tena kwenye lile benchi la nje.